Ng'ombe Aliyetoka Kwenye Gia Boksi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Katarina kaondoka leo na treni kwenda Mlimba kumchukua mama yake. Watarudi Jumamosi asubuhi. Nitawapokea stesheni na gari, kisha moja kwa moja tunavuka daraja hadi Lupiro, harusini kwa Levina, binti wa dada yake. Mama mkwe hajawahi kupanda gari nikiendesha mimi. Siku kubwa inakuja.

Kabla ya kupanda behewa mke wangu alinishika mkono. Nikadhani ni mapenzi. Akaniambia, "Baba Nelly, lile gari lipeleke kwa Shilinde abadilishe oili ya gia boksi. Lipeleke, liache, rudi dukani kwako. Usiliguse."

Usiliguse. Anamwambia hivyo mtu anayeuza vipuri vya baiskeli Ifakara hii tangu barabara ikiwa vumbi tupu.

Ni kweli gari linaumwa. Ni Carina, otomatiki, mali ya Katarina mwenyewe, analipenda kuliko ndugu zangu kadhaa. Siku hizi ukiingiza D linanyamaza kwanza, kama mtu aliyeulizwa alikolala jana, halafu linashtuka na kuondoka. Oili imechoka. Hilo hata mimi naliona. Lakini kwa Shilinde siendi. Mwezi uliopita, pale kwa kinyozi, mbele ya watu wenye povu usoni, alisema kwamba nikishika spana hata kuku wanahama nyumba. Watu walicheka mpaka mmoja akanyolewa sharubu upande. Na mimi nilicheka, ili nisionekane nimeumia. Niliumia.

Jioni nimeangalia video kwenye simu. Kijana mwenye glavu safi kaifanya kazi yote huku anapiga mluzi. Unafungua nati chini, oili chafu inatoka. Unafunga nati, oili mpya inaingia. Basi. Hiyo ndiyo siri ambayo mafundi wametuficha miaka yote.

Na hapo ndipo wazo likanijia, kubwa mpaka nikasimama. Mji huu umejaa magari ya otomatiki. Nani anayafuata nyumbani? Hakuna. Nitafanya la Katarina kwanza kama mazoezi, kisha natundika bango: EVARISTO GIA OTOMATIKI, TUNAKUFUATA ULIPO. Shilinde atakuja kuniomba kazi. Nitamfikiria.

Nimekula ugali peke yangu kwa furaha.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya manunuzi. Nimekwenda kwa Mbuke, mwenye duka la oili na vipuri vya magari pale sokoni. Mama mpole, ila ana tabia ya kuuliza. Akataka kujua nataka oili ya gia ya aina gani. Nikamwambia, ya magari ya maana. Akasema zipo aina nyingi na hazichanganywi, jina la ile inayotakiwa limechongwa kwenye stiki ya gari, ile fimbo ya chuma ya kupimia. Je, nimeliangalia? Nikasema nalijua kwa moyo. Nikanyoosha kidole kwenye galoni yenye picha nzuri.

Nyumbani nikachomoa stiki. Maandishi madogo kama chawa, na miwani niliiacha dukani. Nikasoma mstari wa kwanza tu, kwa kukunja uso. Jina lingine kabisa.

Kurudi kwa Mbuke kulihitaji akili. Nikamwambia ile ya kwanza haikuwa na tatizo, ila nimepata mteja mwenye gari tofauti. Akabadilisha bila maneno, halafu akauliza mteja ni nani. Nikasema ni mtu mkubwa, hapendi kutajwa. Akaniangalia kwa heshima mpya, au alikuwa anazuia kupiga chafya. Vyovyote vile, biashara ina mteja kabla haijafunguliwa. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Tatizo la pili: kuingia chini ya gari. Jeki ya Katarina siiamini, imekonda. Nikaamua kuchimba shimo uani, kama gereji za zamani, gari lisimame juu nami nisimame ndani kama mheshimiwa kwenye mimbari. Nimechimba mchana kutwa. Udongo wetu huu ni laini, jembe linaingia lenyewe. Saa kumi nikafika kifuani, nikatoka kunywa maji. Niliporudi, shimo nalo lilikuwa limekunywa. Maji magotini. Baada ya chai, kiunoni. Nilisahau kwamba bonde hili lina mto juu na mto mwingine chini yake.

Gasper, jirani yangu, akaja kuangalia. Gasper amestaafu kila kitu isipokuwa kuongea. Akasema kwa hali ilivyo ningeweka kambale. Bata wake hawakusubiri ushauri. Waliingia wote, mama na watoto, wakazunguka humo kwa raha kama watalii. Nimejaribu kuwatoa. Wananisemesha vibaya.

Nikamweleza Gasper kuhusu biashara. Kakubali kuwa mbia papo hapo. Anataka bango lisomeke GASPER NA EVARISTO. Nikamwambia kwa alfabeti E iko mbele ya G. Akasema kwa umri yeye alizaliwa kabla alfabeti haijafika kwao. Hatujaelewana. Lakini ana mtaro.

Jumatano, 11 Juni

Mtaro wa Gasper uko mbele ya nyumba yake, mpana, mkavu, umejengewa mawe pande zote. Nimeliingiza Carina juu yake, magurudumu ya kulia ng'ambo hii, ya kushoto ng'ambo ile. Nikalala ndani ya mtaro kifudifudi, nikagundua gari liko upande wa pili, nikageuka chali. Hapo sasa. Fundi kazini.

Gasper aliketi kwenye kiti juu yangu, anatangaza kwa wapita njia. Watu wakajaa. Nasikia miguu tu: kandambili, raba, gambuti, baiskeli. Mmoja akauliza mgonjwa ni gari au ni yule aliyelala.

Nikaona nati. Nikaifungua. Oili ikanishukia mkononi, nyeusi tii, moto kidogo, ikajaa kwenye ndoo. Gasper akainama akasema kwamba yeye amesikia oili ya gia otomatiki ni nyekundu. Nikamjibu kwamba ilikuwa nyekundu ujanani. Sisi sote tulikuwa na rangi ujanani. Watu wakaguna kukubali. Nikafunga nati, nikatoka, nikaweka faneli kwenye bomba la stiki ya gia, nikamimina oili mpya yote. Nyekundu kama juisi ya rozela. Nilipiga mluzi, kama yule kijana wa video.

Nikawasha.

Kwanza ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi, yenye umbo la birika. Nikafurahi, nikadhani gari linatambua limehudumiwa. Gasper akapiga kelele kwamba birika si dalili ya chai. Wakati huohuo chini ya boneti ikaanza sauti ya uji unaochemka, na kwenye bomba la stiki povu jekundu likapanda, likamwagika juu ya injini, likateremka mtaroni. Nikazima haraka, nikaruka kuliziba bomba kwa mikono.  Watu wa kandambili wakarudi nyuma hatua moja.

Gasper akachomoa stiki nyingine iliyokuwa pembeni. Kumbe gari hili lina stiki mbili. Hii ya pili ilitoka kavu kama ufito. Ni ya injini. Kwa lugha nyepesi: nilimwaga oili yote ya injini, kisha nikamimina oili mpya ya gia juu ya ile ya zamani ambayo haikuguswa. Gia boksi limekula mara mbili, injini imelala njaa.

Si kosa langu. Mtu mwenye akili anawekaje stiki mbili kwenye gari moja?

Lakini kisa hakikuishia hapo. Ile oili nyekundu ilitiririka mtaroni hadi mbele ya nyumba ya Balbina, mwenyekiti wa kwaya. Muda si mrefu nikamwona anakuja na bakuli lenye mfuniko. Akanisalimia kwa adabu ambayo hajawahi kunipa. Akasema wamesikia harusi ni Jumamosi, na wameiona damu mtaroni, basi Mungu azidi kunibariki kwa moyo wa kumchinjia ng'ombe binti wa shemeji yangu. Yeye hana makuu. Maini kidogo tu.

Nyuma yake mama wawili na sufuria.

Nikatazama mtaro. Nikatazama mikono yangu, myekundu mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Niliiona kabisa ikipita. Nikasema, "Mama, umechelewa kidogo. Nyama yote imeshatangulia Lupiro."

Wakanisifu wakaondoka. Gasper alijifunika uso na kofia.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi kwa Mbuke kununua oili ya injini. Akauliza hii ni ya nani tena. Nikasema yule mtu mkubwa ameridhika, ameomba huduma kamili. Nikanunua na oili ya gia nyingine, galoni za kutosha. Akaniuliza kama nina gereji siku hizi. Nikamwambia bango linachorwa.

Injini nimeijaza. Taa ya birika imezimika. Kisha nikarudi mtaroni kutafuta nati halisi ya gia boksi. Iko kando kabisa, imejificha kama mdaiwa. Nilipoifungua ikatoka oili ya rangi ya mvinyo wa misa, yenye harufu ya kitu kilichoungua. Hii ndiyo yenyewe. Nikaiacha itoke mpaka tone la mwisho, nikafunga, nikamimina mpya kidogo kidogo huku nachungulia stiki, sasa ile sahihi. Injini nimeizima kabisa, kwa usalama. Sirudii yale mapovu. Galoni ya pili ilipofika nusu, stiki ikaonyesha imejaa pomoni. Safi. Na galoni moja nzima imebaki, haijafunguliwa. Nimeificha kwenye buti chini ya turubai. Huo ni mtaji.

Gasper leo hakuketi juu yangu. Nilipoinua kichwa mtaroni nikaona kiti kitupu. Baadaye nikaambiwa yuko gerejini kwa Shilinde, anasimulia. Watu wameleta mpaka karanga. Nimemfuta kwenye bango.

Jioni Katarina kapiga simu. Sauti yake laini. Sijaisikia sauti hiyo tangu uchumba. Akasema habari zimefika Mlimba. Balbina alimpigia dada yake mwenyewe anayeishi huko, naye akampigia mama. "Baba Nelly," akasema, "kumbe ulikuwa unanificha. Ng'ombe mzima? Mama amelia."

Nikasema haloo, haloo, mtandao unasumbua.

Akasema tena, polepole, kwamba miaka yote alidhani sina moyo huo, na sasa ananiomba msamaha. Mama mkwe akachukua simu. Nikapiga goti sebuleni peke yangu, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanibariki jina langu, biashara yangu na viungo vyangu kimoja kimoja. Kila nikifungua mdomo kusema ukweli, anaongeza kiungo.

Nimeketi hapa. Ng'ombe sina. Nina galoni ya oili na bata shimoni ambao si wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeamka na matumaini. Wazo lilikuwa hili: gari likipona, nitaendesha vizuri sana, kila mtu atafurahi sana, na hakuna atakayemkumbuka ng'ombe.

Nikalitoa Carina mtaroni kwa rivasi. Likatoka kama siagi. Nikaingiza D. Likaondoka mara moja, bila kufikiri, bila kushtuka. Karibu nilie. Nikapita mtaani madirisha wazi, nikampungia Balbina, nikapita soko, nikapiga honi kwa Mbuke. Nilikuwa nimeshapanga hata rangi za bango: kijani na njano, mfano wa mpunga unapoiva. Nikaendelea na barabara ya daraja ili nilipashe moto vizuri.

Lilipopata moto, likakataa. Katikati ya barabara. Injini inaunguruma, D iko ndani, gari limesimama kama ng'ombe aliyeona mto. Nyuma yangu pikipiki zenye magunia ya mpunga, zinapiga honi. Nikajaribu 2. Hakuna. Nikajaribu L. Hakuna. Nikajaribu kumwomba Mtakatifu Antoni. Mwisho nikaingiza R.

Likarudi nyuma vizuri ajabu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilijiambia kwamba gari linalokwenda upande mmoja bado ni gari. Nikawasha hazadi, nikageuza shingo, nikaanza safari ya kurudi nyumbani kinyumenyume. Watoto wa shule walinipita kwa miguu. Mzee mmoja wa baiskeli tulikwenda sambamba, uso kwa uso, kwa muda mrefu, mpaka ikabidi tusalimiane na kuulizana habari za mavuno.

Njia ya nyumbani inapita kwa Shilinde. Hakuna nyingine. Nilisali asiwepo. Alikuwepo, na Gasper alikuwepo, na kinyozi alikuwa amekuja kusikiliza. Wote wakasimama. Shilinde akaja mpaka dirishani, akatembea pembeni yangu bila haraka, anapangusa mikono.

"Mzee Evaristo, shikamoo. Unakwenda au unarudi?"

"Marahaba. Nafanya majaribio ya rivasi."

"Umeiona iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

"Ya mbele utajaribu lini?"

Nikamwambia kila kitu kina siku yake. Akaniambia nikitaka aiangalie, dakika chache tu. Nikamshukuru, nikasema nina ratiba. Nikakanyaga mafuta. Kukanyaga mafuta kwa hasira ukiwa kwenye rivasi hakupendezi. Niligonga pipa la takataka, na Gasper akapiga makofi.

Nyumbani nimepima tena stiki, injini imezimwa. Imejaa. Kwa hiyo oili si tatizo. Tatizo litakuwa upepo.

Kesho namfuata mama mkwe stesheni. Nimefikiria kukodi bajaji, lakini Katarina ataniuliza gari liko wapi. Nimefikiria kuumwa. Mke wangu anajua ninavyoumwa.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika kutoka Lupiro, chini ya turubai la harusi, muziki unatikisa kalamu. Leo ni ndefu.

Nimekwenda stesheni kinyumenyume. Nilitoka mapema, barabara tupu, nikafika bila kugonga chochote chenye mwenyewe. Nikaegesha kwa namna ambayo gari lilionekana limeegeshwa tu. Treni ikaingia. Katarina akashuka amevaa kitenge kipya, akanikumbatia mbele za watu. Sijui niliufanyia nini mwili wangu, ulikuwa mgumu kama mti. Mama mkwe, Bibi Yunis, akashuka na kikapu na jogoo. Nikaangalia chini, kama desturi. Mkwe hamkodolei macho mama mkwe. Nimemheshimu hivyo miaka yote, viatu vyake navijua kuliko uso wake.

Akakaa kiti cha nyuma, katikati, na jogoo wake. Katarina mbele. Nikawasha. Nikaingiza R.

Sasa hapa kuna jambo sikulipiga hesabu. Mtu akiendesha kinyumenyume lazima ageuke aangalie nyuma. Na nyuma, katikati ya kioo, palikuwa na Bibi Yunis. Uso kwa uso. Karibu kiasi cha kupeana chumvi. Nikaangalia pembeni, tukapanda tuta. Nikaangalia chini, Katarina akapiga kelele kuna baiskeli. Ikabidi nimtazame mama mkwe machoni, mfululizo, barabara nzima.

 Kisha akasema hata kwenye treni alipewa kiti kinachotazama nyuma, na amegundua kinapunguza kichefuchefu. Akasifu sana. Katarina hakusifu. Niliuona mkono wake umeshika mlango.

Bibi Yunis akaniinamia, macho yake mazuri, yana machozi kidogo. Akasema, "Mwanangu, yule ng'ombe alikuwa dume au jike?"

Nimewadanganya watu wengi, lakini wote nilikuwa nawadanganya pembeni. Sijawahi kumdanganya mtu ninayemtazama machoni huku nikiendesha rivasi. Ubongo hauna nafasi ya kazi mbili. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, hakukuwa na ng'ombe. Ilikuwa oili ya gia boksi."

Nikamwaga yote. Stiki mbili, birika, mtaro, maini ya Balbina. Nilipofika kwenye bata shimoni, sauti ikaanza kutoka kwa Bibi Yunis kama filimbi ya treni ikiwa mbali. Nikadhani anakufa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea kikapu, jogoo akatoka, akapanda begani kwangu. Akarudia, "Ng'ombe wa gia boksi," akaanza upya.

Katarina akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha. Akashuka. Nikajua anakwenda kupanda bajaji na ndoa yangu. Lakini alifungua buti kutafuta kitambaa cha kufutia uchafu wa jogoo, akainua turubai, akakuta kitu. Akarudi dirishani na galoni mkononi.

"Hii nini?"

"Mtaji."

"Mtaji wa nini, Baba Nelly?"

 Akafungua boneti, akachomoa stiki. Yeye hasahau miwani, ni mwalimu. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akaja tena dirishani. Akaniuliza nilipima injini ikiwa imezimwa au inaunguruma. Nikasema imezimwa, kwa usalama. Akasema hapa imeandikwa ipimwe ikiwa na moto na inaunguruma, maana ukizima oili inarudi chini na kukudanganya kwamba imejaa. Akafuta stiki na pindo la kitenge kipya, akapima injini ikiunguruma. Haikugusa hata alama ya chini.

Kwa hiyo gari lilikuwa na kiu, na maji yake nilikuwa nimeyafungia kwenye buti.

Alimimina mwenyewe, taratibu, anapima, anamimina. Bibi Yunis alishika faneli. Mimi nilishika jogoo. Kisha Katarina akaniambia nihame kiti. Akakaa, akaingiza D, akaligeuza kuelekea darajani, na Carina likaenda mbele kama halijawahi kujua njia nyingine. Tukavuka daraja madirisha wazi. Tukafika katikati ya mto. Hapo nikaona bega lake linatikisika. Nikageuka kumfariji. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi mpaka kidevuni, na aliponiona nimemwangalia ikabidi apunguze mwendo.

Harusini Bibi Yunis amesimulia meza moja baada ya nyingine. Ameongeza na vitu. Kwake jogoo ndiye aliyeendesha. Mshereheshaji alipoita upande wa bibi harusi waingie kwa ngoma, akatangaza kwamba shemeji Evaristo aingie anavyojua yeye. Nikaingia kinyumenyume, mabega yanacheza, watu wote wamesimama, Levina ameshika shela asianguke kwa kicheko. Nimetunzwa kuliko bwana harusi. Balbina naye alikuwepo. Alinitunza, halafu akaninong'oneza kwamba maini bado ananidai.

Jumapili, 15 Juni

Tumerudi. Katarina kaendesha. Kabla ya kuingia ndani kaenda uani, akaliona shimo. Akaliangalia kwa muda. Bata wakamwangalia. Akasema kesho nilifukie, na nisiguse gari lake tena, hata kuliosha, hata kulisalimia. Nikaapa. Nikaapa kwa moyo wote, na nilipokuwa naapa nilimaanisha.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefungua duka, nimeuza kengele na tairi moja. Niko mtulivu kabisa. Nimetafakari yaliyotokea kwa haki, bila kujipendelea, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Carina ni dogo mno. Mambo yake yote yamebanana, stiki zinagongana, mtu mzima hawezi kuona afanyalo. Katika gari kubwa hayo yasingetokea.

Saa nne akaja Clinton, kaka wa bwana harusi, kijana mstaarabu wa Mngeta. Tulifahamiana juzi nikicheza. Ana basi dogo la abiria, siku hizi likibadilisha gia linapiga kelele. Akauliza kama ni kweli mimi ndiye yule wa gia boksi. Nikamwambia ndiye. Akaniuliza kama najihusisha na mabasi. Nikafunua daftari la madeni, kama fundi mwenye kazi nyingi, nikamwambia alilete Jumatano. Siku hiyo Katarina ana semina ya walimu kutwa, na nimeahidi kutogusa gari lake, si basi la mtu.

Gasper kaja kuomba yaishe. Nimemsamehe. Tumekubaliana bango lisiwe na jina la mtu, liwe na picha tu.

Kitu kimoja nilisahau kumuuliza Clinton, kama basi lake ni otomatiki au la kawaida. Haina shida. Nitajua nikishalifungua.